Nilisema Hawezi Kuwa Hai

Stesheni ya Tabora

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepoa, na mvua za huko Msimbu hazijaozesha muhogo wako. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo hauna raha. Anayekusomea, tafadhali asiruke neno, hata lile la kuniaibisha.

Juzi hapa bohari ya reli bwana mkubwa alisema kwa Kiingereza habari za mzigo wa mfanyabiashara mmoja, nami nikamfasiria yule mtu: "Mzigo wako hauwezi kufika leo." Akaenda zake. Saa tisa gari la moshi likaingia, na mzigo umo. Karani mwenzangu, mtu wa Tanga, alicheka mpaka akashika mbavu. "Wewe Saidi! Kasema 'may not'. Hiyo ni huenda usifike. Hauwezi ni 'cannot'. Umemfukuza mtu bure."

Wote walicheka. Mimi nilikaa kitako juu ya magunia, maana nilikumbuka ile barua ya jeshi iliyokuja baada ya vita, habari za kaka Shabani. Mlijaa barazani, na mimi peke yangu ndimi niliyesoma shule. Iliandikwa "may not be alive". Nikasema hawezi kuwa hai. Ukaniuliza, "Ndo kweli, mwanangu, au wanadhani tu?" Nikajibu ni kweli. Neno lile sikuwa na hakika nalo, Mama. Niliona haya kusema sijui mbele ya watu.

Mkasoma hitima, Mwajuma mkewe akakaa eda mpaka ikaisha, na wazee wakaamua nimrithi mimi, nije nimuoe mwezi wa Mfungo Mosi. Nami nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba nilifurahi.

Sisemi kaka yu hai. Nasema hatujui, na mimi niliwaambia tunajua. Nimekwisha kuwaandikia jeshi kuwauliza. Ndoa isifungwe. Nisamehe, Mama, ukiweza.

Kofia ya kaka niliyorithi naituma pamoja na barua hii. Itundike pale pale kwenye msumari wake. Nisalimie baba mdogo aliyesimamia hitima, na dada Zaina anayekuchotea maji. Msalimie na shemeji Mwajuma. Barua zote za nyuma nilimwita mchumba.

Mimi mwanao mwenye kosa,
Saidi