Majibu ya Kijani ya Baba

Nyasubi, Kahama
Julai

Kaka yangu Boaz,

Shikamoo kaka. Naomba barua hii ikukute ukiwa mzima, na kile kikohozi cha vumbi la karasha, hiyo mashine yenu ya kusaga mawe, ulichokitaja kiwe kimekuachia. Huku nyumbani tunashukuru. Goti la Mama humsumbua asubuhi, likipata jua linatulia. Mpunga umeshatoka mashambani karibu wote, na mtaa wetu wa mashine unanuka pumba mpya tangu alfajiri. Mimi ni mzima, ila nimekonda kidogo kwa mawazo, na mawazo yenyewe ndiyo haya ninayokuandikia.

Utajiuliza kwa nini nimetumia karatasi na kalamu wakati ofisini nina kompyuta, na wewe una simu. Sababu ipo. Naomba usome polepole, usiruke kwenda mwisho kama ulivyozoea kufanya na vitabu vyangu vya shule.

Unajua ninavyofanya kazi kwa Bwana Salmini, pale kwenye mashine ya mpunga. Kompyuta ya ofisi ni ya zamani, ile ya mezani yenye kelele kama redio mbovu, lakini programu yake ya barua pepe ina jambo moja nililolipenda tangu wiki ya kwanza. Barua ikishaingia, unaweza kuifungua na kuandika ndani yake. Wateja wetu wote huandika kichwa "Habari" au huacha wazi kabisa, na baada ya msimu mmoja huwezi kupata chochote. Basi mimi hubadilisha kichwa, naweka "Mchele wa Kakola, magunia yalilowa," kisha chini ya maneno ya mteja naandika tuliongea nini kwenye simu na nani aliahidi nini. Nikihifadhi, inabaki hivyo. Mteja mwenyewe haoni kitu. Kwake barua iko kama alivyoituma.

Bwana Salmini alinipa sharti moja. Maneno ya mtu yasiguswe hata herufi. Nyongeza ziwe chini yake, kwa rangi ya kijani, na jina na tarehe. Alisema karani aliyenitangulia alikuwa akiwasahihishia wateja barua zao, na kwamba mtu wa namna hiyo ukimwacha atakuja kuwasahihisha na sura. Nikacheka, lakini sharti nimelishika.

Sasa nije kwako. Ulipoacha chuo cha ualimu ukaenda Nyarugusu kuchimba dhahabu, Baba alisimama mlangoni mwa zizi akasema sauti yako asiisikie tena kwenye simu. Wewe na mimi tunamfahamu. Ulipompigia, aliitumbukiza simu kwenye debe la mahindi, ikaita humo mpaka ikachoka. Ndipo ukaanza kuniandikia barua pepe ndefu hapa ofisini, ukiniomba nimsomee. Nami kila mara nilikujibu kwamba nimemsomea, amesikiliza, na sikuongeza neno. Najua jinsi jibu hilo lilivyokuwa linakuchoma.

Baba huja ofisini siku ya mnada, akishamaliza kuangalia ng'ombe wa watu. Huvua kofia, humwamkia Bwana Salmini, huketi kwenye lile benchi la wateja na kujifanya amekuja kupumzika. Husema tu, soma. Barua yako ya kwanza niliyomsomea ilikuwa ya mvua na lile turubai mnalolala. Nilipofika hapo alininyanyulia mkono niache kusoma. Akaninyooshea kidole kwenye kioo akasema niweke maneno yake pale pale, chini ya maneno yako. Nikaweka, kwa kijani. Alisema kwa Kisukuma, mimi nikaandika kwa Kiswahili: "Blanketi lako la kijivu lipo. Mama yako alitaka kuwapa watoto wa Ngusa, nikakataa."

Kaka, nilishindwa kuinua macho. Mtu aliyesema hataki kukusikia alikuwa anakulindia blanketi.

Tangu siku hiyo amekuwa akijibu kila barua yako, aya kwa aya. Ulipoeleza shimo la duara la jirani lilivyoporomoka, na kwamba ulipona kwa sababu ulikuwa juu unakula, alisema: "Basi uwe unakula muda mrefu zaidi." Ulipoandika kwamba unamkumbuka ng'ombe wako mwekundu, alisema: "Amezaa. Jike. Ana doa usoni kama alilokuwa nalo bibi yake." Ulipomtaja Mariana kwa mara ya kwanza, kwamba ni Mzinza na anawapikia wachimbaji ugali na samaki, alikunja uso nikadhani amekasirika, kisha akasema: "Ni wa ukoo gani? Na kama anapika vizuri hivyo, mbona kwenye picha uliyotuma shingo yako imekuwa ya mbuni?" Bwana Salmini aliyekuwa anapitia hesabu zake alilazimika kutoka nje acheke.

Vichwa vya barua zako nilivibadilisha vyote. Wewe kila siku huandika "Salamu". Kwangu zipo "Boaz, turubai na mvua", "Boaz, duara la jirani", "Boaz, Mariana". Wakati wa chakula cha mchana nilikuwa nazifungua na kuzisoma kama mazungumzo, wewe kwa rangi nyeusi na yeye kwa kijani. Nilidhani Baba anataka maneno yake yahifadhiwe tu, yasitumwe, kwa kuwa alishaapa mbele yetu na hawezi kumeza kiapo. Nikaona ni siri yake, na nikaitunza kwa uaminifu. Nikuambie pia ambalo sijamwambia mtu: nililipenda jukumu hilo. Katika dunia nzima mlikuwa mnakutana mahali pamoja tu, na mahali hapo palikuwa mezani kwangu.

Kisha ikaja barua yako ya mwisho. Uliandika kwamba wazazi wa Mariana wanataka kumwona mtu wa kukusimamia, na kwamba mavuno ya mpunga yakiisha bila neno kutoka kwa Baba, utamwomba Mzee Fikirini, yule mwenye duka la vifaa, asimame kama baba yako. Nilimsomea Baba yote. Niliweka kwenye kichwa neno ninalowekea barua za kazi zinazowaka moto, "Ijibiwe".

 Baba alikasirika, lakini si kwa namna niliyoitarajia. Alisema wewe ni mtoto wa kiburi. Alisema amekuuliza ukoo wa binti mara mbili, amekueleza habari za ng'ombe, amekuambia blanketi lako lipo, nawe hujamrudishia jibu hata moja, na sasa unatafuta baba dukani. Nikamuuliza, majibu yapi, Baba? Akaninyooshea kidole kwenye yale maandishi ya kijani, akaniuliza kama mimi ni kipofu.

Hapo ndipo nilipofahamu, kaka. Baba alikuwa anaamini umesoma yote.

Alinieleza. Ujana wake, karatasi zilipokuwa adimu kijijini, katekista ndiye aliyewasomea watu barua zao. Jibu liliandikwa kwenye nafasi iliyobaki chini ya barua ile ile, na mwenye baiskeli akairudisha ilikotoka. Hakuna aliyeandika karatasi mpya. Kwa hiyo aliponiambia niweke maneno yake chini ya yako, kwake ilikuwa ni kukujibu. Na mimi niliyesoma mpaka chuo kikuu sikufikiria hata siku moja kumuuliza.

Nilipomweleza kwamba maneno yale hayajatoka kamwe ndani ya mashine, na kwamba huku wewe ulikuwa unaona kimya kitupu, aliivua kofia aliyokuwa ameshaivaa tayari kuondoka. Aliuliza kwa sauti ndogo kama ina maana mtoto amekaa muda wote huo akidhani baba yake hana la kusema. Nikasema ndiyo. Akasema, "Hata habari ya blanketi?" Nikasema hata hiyo.

Niliahidi kukutumia zote dakika ile ile. Akakataa. Alisema mashine ile ameshaijua tabia yake, haibebi kitu. Akataka nizichape zote kwenye karatasi, na Bwana Salmini akatoa ruhusa, akasema hata wino ni sadaka yake. Ndizo hizo zilizomo kwenye bahasha kubwa, nyeusi yako na kijani yake. Maneno yako sikuyagusa. Neno moja la Baba sikulitafsiri, lipo chini ya ile barua uliyoandika kwamba bado unasali asubuhi: "Wabeja." Nilishindwa kupata lenye uzito sawa na hilo; "asante" ni jepesi mno.

Sasa nimalizie lile nililoombwa nisiliseme mpaka umesoma mengine yote. Bahasha hii umepewa na Enock, dereva wetu anayeleta mchele huko Nyarugusu. Lori lake limesimama hapo nje barabarani, na Baba yumo ndani, upande wa abiria. Amevaa koti lake la harusini na blanketi la kijivu amelikunja magotini. Amesema hashuki mpaka usome majibu yake, kwa sababu hataki umpokee mtu uliyemdhania ni bubu. Enock ameambiwa asizime injini, ili kama hutaki kumwona wageuze bila aibu ya mtu. Lakini Enock amenihakikishia kwa siri kwamba ataizima.

Mpelekee jibu la swali la ukoo wa Mariana kwanza. Analingoja.

Mama anakusalimu, na anasema huyo binti aje aone goti lake. Bwana Salmini anakusalimu. Msalimie wifi yangu kabla hajawa wifi. Karatasi zingine utazimaliza baadaye, kaka. Ziweke chini, utoke nje.

Mdogo wako akupendaye,
Martina Maige