Swala Aliyekufungisha

Ndugu yangu Galgalo,

Wiki iliyopita nilikwenda Nairobi kwa mambo ya shule, nikaingia lile jumba la makumbusho ambalo Mzungu wetu, yule mkusanyaji wa wanyama, alikuwa akitusimulia habari zake. Wana chumba kizima cha wanyama na mimea ya nchi kame. Nimetoka humo na hasira, na hata sasa nimesharudi kijijini Ngao haijaniisha.

Unaikumbuka safari yetu ya nyuma ya Garsen, kiangazi kile? Wewe mbele, Mzungu katikati, mimi mkalimani nyuma nikiburura miguu. Ulimwonyesha kila mmea: huu ng'ombe akiula anakufa, huu mizizi yake ina maji. Mimi ulinicheka. "Nyinyi Wapokomo, mkitoka mtoni hatua kumi mnakufa kiu!" Kisha ukanipa kibuyu chako cha maziwa, wewe ukanywa mwisho.

Siku ya nne Mzungu akamtaka swala twiga. Ukakataa. "Mwambie serikali imekataza." Nikamwambia. Akajibu kwamba kibali chake kinatutosha sote, akakupa bunduki kwa kuwa wewe ndiye mwenye shabaha, ukampiga. Ngozi na kichwa chenye sikio lililochanika akachukua, nyama akakuachia.

Mwezi haukwisha, askari wa wanyama wakaikuta ile nyama imeanikwa kwako. Mzungu keshaondoka. Nilieleza yote mbele ya hakimu, nisisadikiwe. Nikamwandikia Mzungu barua tatu, hakujibu hata moja. Ukafungwa, na homa ikakumaliza humo humo gerezani.

Sasa nisikilize. Swala yule yumo ndani ya kioo. Nimemtambua kwa sikio lake lililochanika. Miguuni pake pana kadi: "Amepigwa karibu na Garsen," halafu jina la Mzungu. Lake peke yake! Yaani alikuwa akijisifia huko kwa tendo lile lile ulilofungwa wewe. Na mimea yako nayo, eti kaigundua yeye!

Nilipiga kelele. Mlinzi akaja mbio. "Bwana, punguza sauti, watu wanatazama."

"Na watazame! Aliyempiga huyu kafia jela!"

Akanishika mkono akanitoa nje. Lakini kadi nilikuwa nimeshainakili. Nikampelekea bwana shauri, mkuu wa wilaya yetu. Akasoma, akanirudishia karatasi yangu. "Kesi ilikwisha, mwalimu. Na mtu mwenyewe amekufa." Nusura nimpindulie meza.

Jana nilikwenda kwa mama yako, nikamsomea kadi ile. Nilidhani atalia. Hakulia.

"Mwanangu si mwizi, mimi nalijua hilo tangu siku ile," akasema. "Wasomee waliomfunga."

"Nimewasomea, mama. Hawataki kusikia."

Akajifunga mtandio wake, akasimama. "Basi kesho twende wote. Unisomee mimi, kwa sauti, pale pale mlangoni pao."

Kumepambazuka, na mama yako ananingoja barabarani. Pumzika, Galgalo. Sisi hatujapumzika.

Nduguyo,
Mkalimani