Kitanzi Kimoja kwa Vijiji Vitatu

Jumamosi. Upepo haujatulia tangu alfajiri, na mimi sijatulia.

Mniwie radhi kwa ukimya wa miezi. Nilifundisha sarufi hadi kustaafu. Sasa najifunza kuandika programu za kompyuta. Mwalimu wangu ni Neema, karani wa kikundi chetu cha wafugaji wa kuku hapa Mkiwa, ambacho mimi ni katibu wake.

Programu ya kikundi hutuma ujumbe wa simu kukumbusha siku ya chanjo ya kideri, ugonjwa unaomaliza kuku. Kiini chake ni kitanzi: chukua namba, tuma ujumbe, nenda kwa inayofuata, hadi namba ziishe. Fundi aliyeletwa na mwenyekiti alikiandika kwa ajili ya Mkiwa, akakinakili chote kwa kijiji jirani, kisha tena kwa kijiji cha tatu, Kintinku. Siku ya chanjo ikawa imeandikwa mara tatu.

Neema aliomba akigeuze kuwa fanksheni: kitanzi kiandikwe mara moja, kipewe jina, kila kijiji kikiite kwa namba zake, na siku ikae mahali pamoja tu. Mwenyekiti alikataa. "Inafanya kazi. Usiiguse."

Wiki hii chanjo ilihamishwa kutoka Jumanne hadi Alhamisi. Neema akabadilisha mahali pawili. Pa tatu pakampita. Kosa lilikuwepo, sikatai.

Jumanne Bi Zuhura wa Kintinku akanipigia: "Mwalimu, nimewafungia kuku bandani tangu alfajiri, wamefunga bila kunuia! Mchanjaji yuko wapi?"

Mchanjaji alifika Kintinku Alhamisi; watu walikuwa wamechoka kungoja, kuku wametawanyika mashambani. Dawa ikishachanganywa hailali. Ikamwagwa.

Jana kikaoni mwenyekiti akanigeukia.

"Shikamoo, Mwalimu. Kompyuta haikosei. Neema aondoke."

"Marahaba. Na aliyemkataza kurekebisha?"

"Mambo ya kompyuta tuwaachie vijana, Mwalimu."

"Kijana mwenyewe ndiye unayemfukuza!"

Wajumbe wakaahirisha uamuzi hadi Jumatatu.

Nimekasirika. Kumchimbia mtu shimo kisha kumwadhibu kwa kutumbukia si uongozi. Neema ana watoto wawili, na hana kazi nyingine.

Leo asubuhi yeye na mimi tumeiandika hiyo fanksheni. Tumebadilisha siku mara moja, na ujumbe wa vijiji vyote vitatu umebadilika. Wala haikutuchukua muda.

Nimewapelekea wajumbe, na nimewaambia wazi: Neema akiondoka, watafute na katibu mwingine. Wataamua Jumatatu. Kabla ya hapo hamtaona neno langu hapa. Wakishaamua nitaandika, hata kama ni kwa hasira hii hii.