Fungu Lako la Keki, Shangazi

Kitahana,
Kibondo,
Kigoma.
13 Juni 1976.

Mpendwa Shangazi Maximilla,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka nyumbani. Mko hali gani huko Muheza? Mzee Reverien amepona kile kikohozi cha vumbi la mkonge, au bado kinamwamsha usiku? Tunamwombea kila tunaposali.

Sisi huku hatujambo. Bibi bado anakwenda shambani mwenyewe, ila magoti yanamsumbua asubuhi. Mtama umekubali mwaka huu, na ule wa pombe ya harusi tumeshautenga.

Najua umezoea barua zangu za mistari mitano. Leo utanivumilia, maana nina jambo ambalo lazima ulisikie kwangu mwenyewe.

Mwezi uliopita nilimaliza mafunzo ya maarifa ya nyumbani kwa masista, Kasulu. Kwa sababu hiyo kamati ya harusi ya dada Epifania imenipa kazi ya keki. Mchumba wake Melkiadi ana ndugu wengi Kasulu mjini, nao wametuma neno kwamba keki iwe ya ghorofa tatu. Baba aliposikia aliuliza ni nani hapa Kitahana amewahi kujenga hata ya mbili.

Nitaoka kwenye sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya kifuniko. Ninazo tatu zinazoingiana: kubwa ya kupikia wageni, ya wastani, na ile ndogo ya chai. Kila ghorofa inapaswa kuacha ukingo wa vidole vitatu kwa ile ya chini yake, la sivyo keki inaonekana kama kisiki. Ndani ya ile ya chini ninasimamisha vijiti vya mwanzi ili za juu zisididimie. Sukari ya kupambia tutaitwanga kwenye kinu na kuichekecha kwa kitambaa. Unga wa ngano tumeupata kwa taabu dukani kwa Mzee Athuman. Mayai yote tumepewa na akina mama wa bondeni.

Hao akina mama ndio wamenifanya nikuandikie. Ni Niyonsaba na wenzake, waliovuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, Baba akawapa mahali pa kulima kule chini. Wewe hujakaa nao. Mama alipougua, Niyonsaba ndiye aliyekuwa akimwogesha na kumgeuza kitandani mpaka siku ile alipotutoka. Mtama wa harusi pia wamepalilia wao.

Jumapili iliyopita kamati ilikaa kwetu. Mwenyekiti ni Mzee Tharsisi, yule mwalimu mstaafu. Wakapanga kwamba ghorofa moja, ile ya juu, wapewe wakwe nzima nzima. Nyingine wakatiwe wageni watakaokaa bandani. Na nyingine upewe wewe, nayo nzima, kwa kuwa Mama hayupo na kwetu Waha senge, yaani shangazi, ndiye anayemsimamisha binti siku ya kuolewa. Kuhusu ukubwa hawakutaka kusumbuka. Walisema sufuria ni mambo ya jikoni, nipime mwenyewe.

Nikauliza, kwa sauti ambayo nadhani walioisikia ni wachache, akina mama wa bondeni watakatiwa ipi. Nikajibiwa kwamba watapewa pombe nje kama siku zote. Nikasema keki ya duara haikatwi kama mkate wa kugawana watoto. Unakata duara jingine katikati, ule ukingo wa nje unaukata vipande vya vidole viwili, kisha unarudi kwa ile ya kati. Sufuria kubwa peke yake inafika vipande themanini.

Mzee Tharsisi alinisikiliza mpaka mwisho, tena bila ukali.

“Binti, vipande vipo,” akasema. “Lakini mkimbizi akila keki, mkwe atajiuliza yeye alialikwa kwa nini.”

Wakacheka. Mtu mmoja wa nyuma akasema kama ni mayai, basi warudishiwe mayai yao. Epifania alikuwa mlangoni na sinia la vikombe, naye akaingia kugawa chai. Simlaumu. Ni yeye atakayeishi na watu hao.

Unanijua, Shangazi. Mbele ya watu wazima macho yangu huwa kwenye miguu yangu, na siku hiyo yalikuwa huko huko. Ila sikukaa. Mzee Tharsisi alipoona nimesimama tu, akanieleza kama anayemweleza mtoto: fungu la wakwe haliguswi, la wageni haliguswi, limebaki la shangazi yangu. Akauliza nani atamwambia Maximilla kwamba heshima yake imepelekwa bondeni.

“Mimi,” nikasema. “Nitamwandikia.”

Hakucheka mtu. Baba akasema wewe ukikataa, hataki kusikia kwangu neno moja la keki mpaka harusi ipite. Nikakubali.

Kesho yake Niyonsaba alinikuta mtoni, habari ikiwa imeshamfikia. Alinigombeza. Alisema nisimharibie dada yangu siku yake kwa ajili ya kitu kitamu, na kwamba yeye kula nje ameshazoea. Nikamjibu kwamba yeye hakumwogeshea Mama nje. Akajitwika mtungi wake akaenda zake. Jioni akaleta mayai mengine.

Basi nakwambia. Fungu lako nimeshaligawa kabla hujalipokea, na sioni haya. Tena sikuligawa dogo. Waliniambia nipime mwenyewe, nami nimepima: yako ni ile ya chini, ya sufuria kubwa, inayobeba nyingine zote. Wageni watakatiwa ya wastani. Vipande vyao vitakuwa vyembamba, watavumilia. Hilo Baba bado hajalijua, na akiniuliza sitamficha.

Kama umeona nimekukosea adabu, ukifika niite uniambie ana kwa ana. Nitakusikiliza. Lakini sitaki kuoka keki ambayo watu waliotoa mayai wataitazama kwa mbali.

Bibi anakusalimu, na Baba pia, ingawa wiki hii tunasemeshana kidogo. Epifania anaomba umletee khanga za huko. Nisalimie Mzee Reverien na mwanao Dadi, mwambie nimemkumbuka.

Sasa ombi langu. Siku hiyo, ghorofa za juu zikishaondolewa, Mzee Tharsisi atakuita kwa jina. Utasimama, nami nitakuwekea sinia mikononi. Litakuwa zito. Watu wote watangoja ushukuru na ukae. Usikae, Shangazi. Toka nalo nje. Hakuna mtu wa Kitahana atakayemwambia senge wa bibi harusi arudi.

Mungu akushike mkono kwenye treni na kwenye basi mpaka tuonane.

Ni mimi mtoto wako, nikupendaye,

Immakulata