Baraka Amepatikana Soko la Kale

Mama mpendwa,

Jana kwenye simu ulilia ukakata kabla sijamaliza, kwa hivyo nakuandikia. Baraka ni mzima. Kongamano letu la wauguzi lilipotutembeza soko la kale la Doha, karibu na duka la mwewe wa kuwindia, nilimsikia mlinzi akiongea Kiswahili. Nikamuuliza kama anamjua ndugu yangu, aliyenyamaza miezi mingi.

“Baraka wa Bungoma? Tunakaa chumba kimoja,” akasema. “Simu yake ilitumbukia majini, nambari zote zikapotea.”

Jioni akamleta. Amekonda kidogo, lakini kicheko ni kilekile. Tulikula wali na mbuzi kwenye sinia moja, mimi nikilia huku natafuna. Anaomba umpikie mrenda akija Desemba.

Sasa ulale usingizi mnono, Mama.

Binti yako,
Nafula