Moshi wa Mogga Uliousikia Eldoret

Munuki, Juba
Jumapili, 8 Novemba 2015

Mpendwa Shangazi Norah,

Pokea salamu zangu nyingi, nyingine uzipokee kwa goti lako la kushoto. Linaendeleaje? Mvua za huko zimelipa nafuu au zimelizidishia maumivu? Na yule ng'ombe mweupe, ameshazaa? Je, bado unatembea kwa miguu kwenda misa ya kwanza ingawa daktari alikukataza? Najua jibu, lakini nauliza ili ujue kwamba nakuwaza.

Sisi huku tu wazima. Mvua zinakaribia kuisha na matope ya Munuki yameanza kukauka, siku hizi naweza kufika dukani bila kubeba viatu mkononi. Mimi nimenenepa. Usicheke. Mama mkwe anasema mke anayekonda mwaka wa kwanza anawaaibisha wenye nyumba, kwa hiyo ananipakulia mara mbili na mimi nakula mara mbili.

Shangazi, nina furaha mpaka naona haya kuiandika. Mogga akirudi jioni kutoka mtaa wa Lemon Gaba, ambako anawafungia watu sola, hupiga mluzi akiwa bado nje ya lango. Nilimuuliza kwa nini hapiti tu kama mwenye kwake. Akasema ananipa nafasi ya kujifanya sikuwa nikimngoja. Basi mimi nakimbilia ufagio, nafagia mahali palipokwisha kufagiwa, na yeye anaingia akinicheka kwa macho. Miezi mitano sasa, na bado mluzi ule unanifanya nisahau nilichokuwa nikipika. Juzi maharagwe yaliungua.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Barua yako aliniletea Albino, kondakta wa basi, ikiwa imekunjwa mara nne ndani ya pochi yake. Ilikuwa na mistari miwili tu: "Malual ameniambia mume wako anatoa moshi kama tanuri la matofali. Krismasi nitakula kwangu." Niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena.

Malual hakusema uongo. Ni jirani yetu, na alimwona Mogga kwa macho yake kabla ya kusafiri kuja huko kuwaona watoto wake shuleni. Lakini hakuona yote. Mimi nitakuandikia yote, pamoja na yale yanayoniumiza.

Sijasahau siku ya mahari. Wazee walipofika kwenye mbuzi wa shangazi, ulisimama ukasema humtaki. "Mbuzi wangu ni hiyo sigara yake. Akiiacha, nimekula. Asipoiacha, mguu wangu hautakanyaga kwake." Watu walicheka, na Mogga mwenyewe alicheka huku akikupa mkono wa kukubali. Mimi nilikutazama usoni nikajua hukuwa ukitania. Wewe ndiye uliyemuuguza baba kifua kilipomshinda kwa ajili ya sigara. Wewe ndiye uliyelala sakafuni kando ya kitanda chake.

Lakini kuna kitu sikupata kukueleza. Mogga hakuwa mvutaji tangu ujana. Alianza ile Desemba ya mwaka elfu mbili na kumi na tatu, vita vilipozuka, yeye na mama yake walipokimbilia uwanja wa kanisa kuu pale Kator. Kila mlio uliposikika mikono yake ilitetemeka. Mtu mmoja aliyeketi karibu nao, ambaye hakumjua, akampa sigara moja na kiberiti cha gesi, chekundu. Kisha mtu yule akatoka kwenda kumtafuta ndugu yake. Mogga alikaa na kiberiti mkononi akimngoja ili amrudishie. Hakurudi. Tangu hapo mkono wa Mogga ulijifunza njia ya mfukoni, na kila kishindo kikitokea, hata cha tairi, unakwenda huko wenyewe.

Baada ya harusi alijikaza wiki tatu. Wiki ya nne nikafua shati lake nikanusa sigara. Nikalianika tu. Nilikuwa bibi harusi wa mwezi mmoja, niliogopa kuwa mke wa kelele.

Aliyetuokoa ni Waiswa, Msoga wa Uganda anayetengeneza simu kwenye baraza moja na Mogga. Yeye naye aliwahi kuvuta, akaacha kwa kutumia sigara ya umeme. Si sigara hasa, Shangazi. Ni betri nene kama tochi ndogo, na juu yake kuna kichwa. Ndani ya kichwa kuna waya na pamba iliyolowa maji matamu wanayoyaita juisi. Ukibonyeza kitufe waya unapata moto, juisi inageuka mvuke, na mtu anavuta mvuke huo. Hakuna kinachowaka na hakuna majivu. Waiswa alimpa Mogga ile yake ya zamani.

Ilitufaa siku kumi. Halafu kichwa kikaungua, na hapa Juba hakuna duka linalouza vichwa vile. Waiswa akaagiza Kampala kichwa cha aina nyingine, kile ambacho mwenyewe unakifungua, unatoa waya ulioungua na kutia mwingine uliousokota kwa mkono wako. Kilipofika kilikuwa kidogo kama kifundo cha kidole changu, kina skrubu mbili ambazo usipozishika vizuri zinapotelea mchangani. Tulizitafuta mara tatu kwa ufagio wa chelewa.

Mogga alijaribu kusokota waya. Unaijua mikono yake. Waiswa akamwambia, "Wewe Mogga, mikono hii iko ya kubeba gunia ya simenti. Acha, utaua kitu ya watu." Mimi nilikuwa nimewaletea chai. Nikasema, nipeni. Wakatazamana wakacheka. Nikaenda chumbani nikaleta ile sindano ya kroshia uliyoniwekea kwenye sanduku la harusi, nikaizungushia waya mara saba, mizunguko imebanana kama ukingo wa vitambaa vya kochi ulivyonifundisha. Nikaichomoa. Mogga alinitazama kama siku ile nilipotokea mlango wa kanisa. Shangazi, naomba unisamehe, lakini nilijisikia mrembo kwa ajili ya waya.

Mama mkwe alikuwa ameketi karibu, kiko chake mkononi, kwa maana yeye huvuta tumbaku kama wazee wengi wa kike wa hapa. Akaniita binti kwa Kiarabu cha Juba: "Ya biniya, unamfumia nani, mbu?" Mpaka leo akiniona na sindano ananiuliza kama nguo ya mbu imekwisha.

Usidhani ilifaulu mara moja. Waya wa kwanza tuliutoa kwenye jiko la umeme bovu tulilopata soko la Konyokonyo, na ulikuwa mnene mno. Waiswa alipopima kwa mita yake akaunyakua: "Madam, hapana! Betri itachemka kuliko hii chai yako." Akanipa mwembamba wa kwake.

Waya ukakubali, na sasa kosa ni langu. Hatukuwa na pamba. Nikakumbuka mito yetu ya harusi, ile ambayo mwenye duka aliapa ni pamba tupu. Nikafumua pembe ya mto wa kwangu, nikachomoa kidogo, nikapitisha katikati ya mizunguko, nikadondoshea juisi ya nanaa. Nikampa Mogga kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka. Akavuta.

Haikuwa pamba, Shangazi. Ilikuwa ni nyuzi za plastiki. Ziliyeyuka. Mogga alikohoa mpaka akainama, machozi yakamtoka, na alipopata pumzi akaniita kwa jina, "Night, umenipikia mto!" Waiswa alicheka hadi akashika nguzo. Mimi pia nilicheka. Lakini Mogga hakucheka kwa muda mrefu. Alikuwa na siku kadhaa bila chochote, na tumaini lake lote alikuwa ameliweka kwenye kile kichwa. Akasimama, akatoka.

Aliporudi, hakupiga mluzi. Mama mkwe alinusa hewa tu, akageuka upande wa pili. Mogga alikuwa amevuta. Siwezi kukuficha. Niliingia jikoni nikalia juu ya sinia la mchele, nikiona kama mbuzi wako nimemfungulia kamba mimi mwenyewe, kwa mto.

Mogga alinifuata jikoni. Hakujitetea. Alichukua sinia akaanza kuchagua mawe pamoja nami, vibaya, akitupa na mchele. Halafu akasema, "Kesho nitanunua pamba ya hospitali. Utanisokotea tena?" Nikamwambia nitamsokotea mpaka waya wote wa Juba uishe. Sasa unaona kwa nini nampenda?

Na kweli akanunua pamba ya dawa. Nikasokota mizunguko saba mingine. Safari hii alivuta taratibu, kwanza kidogo, kama anayeonja mchuzi wa mtu mwingine. Kisha akatoa wingu kubwa, jeupe, lenye harufu ya nanaa, akafumba macho. Wingu hilo na mengine kama hilo ndiyo Malual aliyoyaona. Ilikuwa katikati ya Agosti. Tangu siku ile Mogga hajavuta sigara hata moja.

Lakini wewe hukunilea niseme nusu. Ndani ya juisi bado mna ile sumu ya tumbaku inayomshika mtu. Chupa zina namba ya ukali wake. Alianza na kumi na mbili, akashuka sita, sasa yuko tatu. Waiswa anasema baada ya tatu ni sufuri, halafu ni kuitupa. Na kama mvuke wenyewe unadhuru kifua, hakuna kati yetu anayejua. Kwa hiyo sikuandikii kwamba ameacha kabisa. Nakuandikia alipofika.

Na nataka ujue jambo la Alhamisi. Ilikuwa mchana, nguo ziko kwenye kamba. Tukasikia milio ya bunduki kutoka upande wa mjini, mingi kwa pamoja, kisha kimya, kisha mingine. Maduka yalifungwa pa! pa! pa! Sote tukaingia ndani tukaketi sakafuni, mimi, Mogga na mama yake. Nikautazama mkono wa Mogga. Ulikwenda mfukoni. Ukatoa ile betri. Akabonyeza. Ilikuwa imeisha chaji, na jenereta ya jirani tunakochajia ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Mkono ukarudi mfukoni, ukatoa kile kiberiti chekundu.

Mimi sikujua kama bado anacho, Shangazi. Miezi yote hiyo alikuwa nacho.

Mama yake akamnyooshea kiko. Kilikuwa kimezimika lakini tumbaku imo. Akamwambia kwa upole sana, "Chukua, mwanangu. Ya leo haina dhambi." Hakuwa akimtega. Alimkumbuka mtoto wake pale Kator akitetemeka, akampa alichokuwa nacho. Nilikuwa nikilifikiria goti lako, na lango letu, na wewe usiyeingia.

Mogga alikichukua kiko. Akakitazama. Kisha akamrudishia mama yake mdomoni, akawasha kiberiti, akamshikia moto mpaka tumbaku ikashika. Alipomaliza akakitia kiberiti mkononi mwangu, akafunga vidole vyangu juu yake. Akasema, "Night, leta waya. Nifundishe."

Tukasokota pale sakafuni, ili mkono wake upate kazi nyingine. Waya ulimtoroka. Wa kwanza ulitoka kama mkia wa nguruwe. Wa pili vilevile. Mama mkwe akitoa moshi wake puani akasema mbu huyo atakuwa kilema. Tukacheka, huku nje bunduki bado zinalia, na sikujua kwamba mtu anaweza kucheka hivyo. Wa nne ulikuwa na mizunguko saba, sita imenyooka. Tulipoinua vichwa milio ilikuwa imekwisha kitambo. Baadaye tukaambiwa walikuwa wakimzika ofisa mmoja na milio ile ilikuwa heshima ya mazishi. Watu wakafungua maduka wakijichekelea.

Nilimuuliza Mogga nikuandikie nini. Akafikiri, akasema: "Mwambie mbuzi bado hajachinjwa, lakini amefungwa kamba." Hataki useme umekula mpaka namba ya chupa iwe sufuri na kile kichwa kimefunguliwa mara ya mwisho. Anaomba tu uje uone kamba kwa macho yako. Uamuzi ni wako, na sisi tutauheshimu. Lakini nimeshafumua mto wangu wote nikaujaza pamba ya kweli, nao ni wa kulaza kichwa chako, si changu.

Ndani ya bahasha hii, Albino akiifikisha salama, utakuta kiberiti chekundu. Mwenyewe hakurudi kukichukua, na Mogga anasema amemngojea vya kutosha. Gesi bado imo. Anaomba asubuhi ya kusafiri kwako ukiwashie jiko lako, uchemshe chai, unywe bila haraka. Ukishamaliza, kiache hukohuko Eldoret, upande basi.

Nisalimie binamu yangu Angella na mtoto wake mpya, mwambie nimemfumia kofia, kofia ya mtu, si ya mbu. Nisalimie mzee Erifazi na wanakwaya wote. Mama mkwe anakusalimu sana, anasema uje na tumbaku ya Eldoret, naye hataki mahubiri. Waiswa anamsalimu aliyenifundisha kroshia.

Mungu aliyetulinda sakafuni akulinde njiani, akulainishie goti, akufikishe langoni petu mchana kweupe. Ukifika piga mluzi, na mimi nitajifanya nafagia.

Ni mimi niliyekulia mikononi mwako, nikupendaye karibu na mbali,

Josline Night
(sasa pia Mama Mogga mdogo, kama wanavyoniita kwa utani hapa nyumbani)