Rayya Hajachagua Bado

Jumapili, 5 Oktoba
Chapati ishirini, kuku wa nazi, achari ya ndimu. Nimempakilia Rayya chakula cha ofisi nzima kama kawaida. Mie kupika kidogo sijui.

Jioni kaja na khabari. Bwana mkubwa wake kampa kazi ya kuchagua programu ya kupangia mafundi. Kampuni yao ina makundi matatu, moja linajenga ghala Rusayl, moja nyumba za Yiti, moja ukuta kule Qantab. Mpaka leo zamu zinaandikwa kwa kalamu ya risasi. Karatasi inapotea, watu wa plasta wanafika na ukuta haujasimama. Sasa kila kitu kitakuwa kwenye simu. Programu ziko mbili, achague moja.

Wahandisi wanane, saba wanaume, na kazi kapewa mwanangu! Mie niliishia darasa la sita Unguja, kabla ya kuvuka bahari kuja huku. Huyu nimemzaa mie.

Nikamwambia nioneshe hiyo programu. Kasema haishikiki, Mama. Kitu hakishikiki, wanakinunuaje? Sikufahamu. Nikasema mashaallah.

Jumatatu, 6 Oktoba
Rayya kaweka kompyuta juu ya meza ya kula. Programu moja ina rangi ya buluu, ya pili kijani. Kila mstari jina la fundi, kila kisanduku siku. Ukikivuta kimoja vyengine vyote vinakimbia. Kichwa kimeniuma kutazama.

Ya buluu kaifungua tangu magharibi mpaka isha. Ya kijani haikuchukua hata dakika kumi. Mie si mjinga. Mtu akipenda kanga dukani huishika, akaiacha, akairudia tena. Nikajua. Kachagua buluu.

Nikatia sauti kwenye grupu la ukoo. Nimesema Rayya kachagua, kachagua ya buluu, na sasa kampuni nzima inasikiliza mdomo wake. Wamejibu kwa maua. Hata wifi yangu Zuwena, dada wa marehemu mume wangu, kaleta maua manane. Huyo hata salamu hunipa nusu. Ajabu.

Jumanne, 7 Oktoba
Kaja Khalfan, mtoto wa Zuwena, na sinia zima la halwa ya zafarani. Rayya yuko kazini. Kumbe Khalfan anafanya kazi kwa hao wanaouza ya buluu! Wallahi sikujua. Nlidhani anatengeneza kompyuta mbovu.

"Ahsante mkaza mjomba, umetutoa kimasomaso."

Nikamwambia damu haiwi maji. Tukanywa kahawa vikombe vitatu. Kijana mzuri. Kawa mnene.

Rayya karudi kachoka, kalala bila kula. Sikupata kumwambia.

Jumatano, 8 Oktoba
Halwa nyingi, sisi wawili. Itaharibika. Rayya katoka mapema, nikaita teksi nikaipeleka ofisini kwake. Juu nikabandika karatasi: Halwa ya Khalfan, kuleni nyote. Nimeandika kwa hati nzuri, nikamwachia bawabu.

Saa nane tu Rayya karudi. Kasimama mlangoni, baibui hajavua.

"Mama, nani kakwambia nimechagua?"

Wakubwa wa Khalfan asubuhi walimpigia simu bwana mkubwa wa Rayya, wanashukuru kwa kuchaguliwa. Yeye hana khabari. Kamwita Rayya, anamuuliza mbele ya watu. Rayya anakula kiapo hajachagua. Hapo hapo mlango unafunguliwa, inaingia halwa.

Nikamwambia mambo ya buluu, nlivyomuona anairudia rudia. Kanitazama. Ya buluu ilimkalisha sana kwa sababu inakwama, alikuwa anaandika makosa yake. Ya kijani inasema kwa sauti, Kibengali na Kiurdu. Fundi asiyejua kusoma anabonyeza anaambiwa kesho Yiti, chukua mwiko wako. Hiyo ndiyo aliyokuwa anaitaka.

Kumbe kinyume chake.

"Wanadhani nimelishwa, Mama."

Hakupiga kelele. Bora angepiga.

Alhamisi, 9 Oktoba
Kanyang'anywa. Bwana mkubwa kasema wasimamizi watatu wa makundi watazijaribu zote mbili huko huko kwenye ujenzi, halafu watachagua wao. Rayya kaambiwa aandike barua aeleze Khalfan ni nani wake. Mtoto wa shangazi yake, ni nani mwengine?

Nikamwambia ntakwenda mwenyewe, nimweleze huyo bwana. Nna mdomo. Nshavaa na viatu.

"Mama, usitie mguu pale."

Nikavua viatu.

Sifahamu. Mgeni kaja na kitu, utamrudisha nacho? Umepokea, utakula peke yako? Ningeificha kabatini ndiyo ningekuwa mwema? Chakula changu wanakula mwaka wa nne, hakuna aliyesema wanalishwa. Halwa ya mtu mmoja, siku moja, imekuwa kesi. Nimewaza mpaka nimeunguza maziwa.

Ijumaa, 10 Oktoba
Biriani imebaki yote.

Jumapili, 12 Oktoba
Nimempakilia chakula. Kakiacha juu ya meza. Mara ya kwanza.

Nimefikiri sana. Halwa bado siifahamu, lakini ile sauti kwenye grupu naifahamu. Nilisema kachagua, na yeye hakunambia kachagua. Huo ni uongo, hata nikiuvika nguo ya furaha. Na mie ndiye nliyemchapa huyu mtoto kwa kusema uongo alipokuwa na miaka saba.

Nikatia sauti nyengine. Nimefuta mara tatu. Ya nne nikaiachia. Nimesema Rayya hakuchagua kitu, hakumwambia mtu kitu, ni mie niliyetunga, na Khalfan nimemuingiza kwenye aibu bila kosa lake.

Hakuna aliyeleta maua.

Baadaye Zuwena: "Leo sifa zimekwisha, wifi yangu? Mwanangu katukanwa na bosi wake kwa ulimi wako." Haki yake. Nimejibu haki yako wifi. Sijapata kuandika maneno hayo tangu niolewe kwao.

Rayya yumo kwenye grupu. Kasikia.

Jumatano, 15 Oktoba
Leo kachukua chakula. Cha mtu mmoja tu, kasema, Mama, cha mtu mmoja. Sijui kupika cha mtu mmoja. Nimepika, nimebaki na sufuria nzima nazunguka nayo. Nimempelekea jirani.

Jumatatu, 20 Oktoba
Wasimamizi wamechagua kijani, wote watatu. Hata yule mzee wa Qantab, aliyekuwa akisema simu ni ya kumpigia mke tu. Kwa hiyo mwanangu alikuwa na akili tangu mwanzo! Ningeweza kupiga kigelegele.

Lakini sikuambiwa na Rayya. Kanipigia Zuwena, sauti ya kununa, Khalfan wake kakosa mauzo. Ndiye aliyenambia pia kuwa kazi ya kuitia programu kwenye simu na kuwafundisha mafundi kapewa mhandisi mwengine, Rayya atamsaidia tu. Khabari za mtoto wangu nazipata kwa wifi.

Nimemsubiri mpaka karudi. Nimemuuliza siku yako ilikuwaje. Nzuri, Mama. Kaingia chumbani.

Zamani alikuwa akitaja hata nani kapiga chafya.

Alhamisi, 23 Oktoba
Goti linauma. Nimefua mapazia. Rayya leo alikuwa Yiti, nimejua kwa vumbi la viatu. Sikuuliza.

Ijumaa, 24 Oktoba
Baada ya swala Rayya kaja jikoni. Nlikuwa nachambua mchele. Kavuta kiti, akaanza kuchambua na yeye, polepole, kama mtu anayehesabu. Kisha kanambia jambo la kazini. Kubwa. Hakunambia nisiseme.

Nimekaa nalo. Mikono imeendelea na mchele.

Alasiri kanipigia Zuwena, tumeanza kupatana. Kauliza Rayya ana khabari gani. Nikamwambia mzima, alhamdulillahi. Ananisubiri. Nikamuuliza sukari yake imeshuka?

Alilonambia Rayya siliandiki hata humu.